Wageni wa Kipupwe

Mwaka 2024 nyumba yetu ya Kimara, Dar es Salaam, haikukauka wageni tangu katikati ya Juni mpaka Agosti ikielekea ukingoni. Walitangulia Waholanzi wawili, mtu na mkewe, marafiki aliowapata mume wangu alipokuwa anasoma Enschede, huko kwao Uholanzi. Wakafuata rafiki zetu wa Nairobi na watoto wao. Katikati akashuka mama mkwe kutoka Moshi, maana habari za wazungu kulala kwa mwanawe zilimfikia na hakutaka kuja kuhadithiwa. Wote nawapenda, na wakipiga hodi kesho nitawafungulia. Lakini likizo yangu ya mwaka ilikwenda na maji, fedha tulizotenga kwa ada ya mtoto zikaguswa, na ipo jioni mimi na mume wangu tuliaga tunakwenda kununua mkate ili tupate mahali pa kugombana. Tuligombania ndani ya gari, nje ya kituo cha mafuta, vioo tumepandisha.

Kinachommaliza mwenyeji si chakula. Mchele, maharage na kuku wa Jumapili nyumba yoyote inayopika inavibeba. Kinachommaliza ni mambo mawili ambayo sisi tunaona haya kuyataja: pesa ya matembezi na muda. Mgeni akishaondoka kwao hujui tena namna ya kumwambia, kwa hiyo mengi ya haya ninayoandika yanapaswa kusemwa kwa simu kabla hajakata tiketi.

Kuhusu majira yenyewe, kwa watu wa Ulaya ni kiangazi, kwetu ni kipupwe. Masika imekwisha, jasho limepungua, jioni unaweza kukaa barazani bila kujipepea. Hakuna majira mazuri ya kutembeza mgeni kama haya, na kila anayemuuzia mtalii kitu analijua hilo. Chumba cha Zanzibar ambacho Mei mtu anakubembeleza uchukue, Julai anakuuliza kama umeshalipa.

Waholanzi waliomba viza mtandaoni. Kwa raia wa nchi yao viza ya kawaida ya utalii ni dola 50. Kabla ya kulipa walinitumia kiungo wakaniuliza kama ndicho chenyewe, na nashukuru waliuliza, kwa sababu ilikuwa tovuti ya wakala iliyopambwa kwa bendera yetu na iliyotaka karibu mara mbili ya hiyo. Ya Idara ya Uhamiaji huishia na go.tz. Mtumie mgeni kiungo wewe mwenyewe, usimwache akatafute. Mwambie pia aache mifuko ya plastiki kwao, maana imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na watu bado hushuka nayo uwanja wa ndege bila habari.

Nyumbani tulijiandaa kama watu wa harusi. Chandarua kipya, godoro limeanikwa, binti yetu akahamia chumba cha dada. Tulimwarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba tutakuwa na wageni kutoka nje, jambo la dakika kumi ambalo huzuia maswali mengi. Maji ya bomba Kimara yana siku zake, kwa hiyo tuliwaonyesha simtanki siku ile ile waliyofika na kuwaeleza kwamba likiisha limekwisha. Hilo walilielewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Kilichotupiga ni LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mgeni hajui kwamba uniti zinahesabiwa, na heater ya bafuni ikiwashwa asubuhi husahaulika mpaka jioni. Umeme tuliozoea kuutumia mwezi mzima uliisha kabla ya nusu ya mwezi. Baada ya hapo nilibandika kikaratasi juu ya swichi, na mume wangu akasema naaibisha nyumba. Kikaratasi kilibaki.

Kuna mtu mmoja ambaye wenyeji wengi hawamhesabu, naye ni dada wa kazi. Mashuka yanaongezeka, vyombo vinaongezeka, na kuna milo miwili ya jioni, maana Waholanzi hula saa kumi na mbili na sisi hula saa tatu. Wiki ya kwanza haijaisha alinijia jikoni akasema anaomba kwenda kusalimia kwao Singida. Hakuwa na msiba wala mgonjwa. Alikuwa amechoka. Tulikaa naye tukakubaliana nyongeza ya mshahara kwa kipindi chote cha wageni, nguo za wageni wafue wenyewe au zipelekwe kwa dobi, na Jumapili yake asiguswe na mtu. Nakushauri ufanye mazungumzo hayo wiki moja kabla, siyo wiki moja baada.

Sasa pesa. Siku za mwanzo tulikula nje mara nyingi, na bili ikija mume wangu anaivuta upande wake. Rafiki yake akamuuliza achangie kiasi gani. Mume wangu akamwambia, "Usijali, bwana." Naye kweli hakujali. Mgeni aliyekulia huku angebishana kidogo, angeshindwa, halafu kesho yake angerudi na kilo mbili za nyama na soda za watoto. Huyu aliambiwa neno, akaliamini. Mimi nikawa nakunja uso kila bili inapoletwa, na mume wangu akawa anatoa pesa kwenye simu kwa siri, kila muamala na makato yake.

Aliyetutoa hapo ni mke wa yule rafiki. Tulikuwa tunaosha vyombo, akaniuliza bila kuzunguka, "Mbona hatulipi chochote? Mume wangu hapati usingizi." Kumbe nao walikuwa wanaona aibu upande wao. Usiku huo tukakaa wanne mezani na kopo tupu la maziwa ya unga. Kila upande ukaweka laki mbili. Kutoka kwenye kopo tutalipa chakula cha nje, mafuta ya gari, bajaji na maji ya kunywa. Likiisha kila upande unaongeza sawa. Chakula cha nyumbani ni chetu, hakiingii. Na kila penye bei mbili, kila mtu ajilipie yake. Tangu siku ile sikukunja uso tena. Rafiki wa mume wangu, ambaye tayari alikuwa amefundishwa kuniita shemeji, ndiye aliyejitwika kazi ya mweka hazina, na alikuwa anaandika hadi shilingi mia mbili ya pantoni, kile kivuko cha Kigamboni.

Hizo bei mbili zinahitaji maelezo, maana ndizo zinazogombanisha watu getini. Hapa nchini vivutio vingi vina bei ya raia na bei ya mgeni, na tofauti yake si ndogo. Boti ya kwenda Unguja daraja la kawaida mwaka ule mgeni alilipa dola 35, na dola moja ilikuwa kama shilingi 2,600. Sisi tulilipa kwa shilingi, chini ya nusu ya hapo. Hifadhi ya Mikumi mgeni alilipa dola 30 na juu yake VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, mtu mzima mmoja kwa kiingilio tu, bila gari, bila kulala. Mtanzania alilipa shilingi elfu chache. Mgeni anayeambiwa haya akiwa kwao ataingiza kwenye hesabu zake na hatasema neno. Mgeni anayekutana nayo dirishani anahisi anaibiwa, na anayetazamwa kama mshirika wa mwizi ni wewe. Na usijaribu kumpitisha kwa bei ya mkazi kwa kuwa anaongea Kiswahili cha salamu. Wataomba kibali cha ukaazi, mtaaibika mbele ya foleni.

Waholanzi walikuja na ratiba iliyochapwa, yenye saa. Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Juni ilikuwa siku ya Kariakoo. Tukafika tukakuta maduka yamefungwa, wafanyabiashara wamegoma kwa ajili ya mambo ya kodi, mitaa ambayo siku zote huwezi kupenyeza mguu imekuwa mipana. Mgeni alisikitika, mimi nikaona afadhali, kwani kumpitisha mtu mwenye kamera shingoni Mtaa wa Kongo kunahitaji macho manne. Tukageuza kuelekea Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Niliishi Dar miaka yote hiyo sijawahi kuingia. Pale ndipo nilipomwona yule Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, ambalo nilikariri darasani nikidhani liko Ulaya. Tukatoka tukatembea kwa miguu hadi kanisa la Azania Front lililojengwa na Wajerumani, tukamalizia soko la samaki Feri. Huko Feri nenda asubuhi, vaa viatu vinavyooshwa, na mwambie mgeni asipige picha kuelekea Ikulu, ambayo ni jirani kabisa.

Jumapili tuliwapeleka Coco Beach kula mihogo ya kukaanga na pilipili. Hiyo ndiyo iliyokuwa burudani ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo waliyoomba kurudia. Kisiwa cha Mbudya nacho kizuri, ila lipia boti ya kwenda na kurudi, kubalianeni saa ya kurudi kabla hamjapanda, na mjue kwamba mchana bahari inachafuka kwa kusi, upepo wa miezi hii. Sisi tulirudi tumelowa hadi pochi.

Nililoshangaa ni hili. Siku waliyoifurahia zaidi mjini ni siku ambayo hatukuwa nao. Mume wangu alikuwa na kikao, mimi nina ripoti ya ofisi, nikawaambia leo mtajitegemea. Nikawaonyesha namna ya kupanda basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, wakavuka Kigamboni kwa pantoni kwa shilingi mia mbili, wakanywa madafu, wakarudi jioni wamepauka kwa chumvi wakiwa na hadithi za kutosha. Na mimi muda wote huo nilikuwa nachoma likizo nikidhani wakikaa bila mimi watapotea! Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, na nilikuwa nimeshazila nyingi kwa kukaa kwenye kiti cha mbele cha gari nikisema "kulia mnaona ubalozi". Watu wazima waliosafiri kutoka Amsterdam wanaweza kupanda mwendokasi. Waandikie jina la kituo cha kushukia, wasajilie laini ya simu kwa pasi yao ya kusafiria, waonyeshe namna ya kuita bajaji kwa programu ya simu ili wasibishane bei, kisha nenda kazini.

Zanzibar tulikwenda wote wanne. Mimi ni mtu wa Iringa, bahari naijua kwa macho. Nilikuwa nimeona picha za Jambiani, maji ya kijani mpaka mlangoni mwa chumba, nikalipia huko. Bandarini, ukishuka kwenye gari tu, wanakuzonga vijana wa kubeba mizigo na madalali wa tiketi. Nunua tiketi ofisini au mtandaoni siku kadhaa kabla, na ushike begi lako. Boti inachukua kama saa mbili. Wakati wa kusi saa hizo mbili ni ndefu. Wahudumu walianza kugawa mifuko ya kutapikia kabla hata hatujapoteza majengo ya Posta machoni, nikadhani ni tahadhari tu. Tulipofika kwenye mkondo wa bahari nilielewa. Panda boti ya asubuhi, kaa chini na katikati, siyo juu mbele kwenye mandhari nzuri, kula kidogo, tafuna tangawizi. Mume wangu aliyekuwa amekunywa supu ya pweza kwa kujigamba hakuongea na mtu mpaka bandari ya Malindi, Unguja.

Mji Mkongwe ulituchukua vizuri. Niliwaeleza mapema kuhusu mavazi, mabega na magoti yafunikwe ukiwa mitaani, kaptura na vesti ni vya ufukweni, na wakatii. Soko la zamani la watumwa pale Mkunazini liliwanyamazisha wote wawili kwa muda mrefu. Jumba la Beit al-Ajaib walilitazama kwa nje tu, kwani sehemu yake ilibomoka Desemba 2020 na lilikuwa bado kwenye matengenezo. Jioni Forodhani, urojo, mishikaki, juisi ya miwa. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, hata kama wewe ni Mtanzania, maana ukiwa umeongozana na mzungu wewe pia ni mtalii.

Jambiani tulifika saa sita mchana. Wageni wakakimbilia kuvaa nguo za kuogelea, wakatoka, bahari haipo. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, nayo yamekupwa hadi kule kwenye mwamba, na mbele yetu ni mchanga mtupu na akina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Yule Mholanzi alisimama na taulo begani akaniuliza kama itarudi. Itarudi, lakini kwa saa zake, siyo za ratiba. Kama wageni wako wanataka kuogelea muda wowote wapeleke kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali hivyo. Pwani ya mashariki ina uzuri wake, na kwa wanaocheza na tiara juu ya maji kipindi cha kusi ndicho chenyewe, huko Paje wamejaa. Ila kabla ya kulipia angalia mwezi, au mpigie mtu wa kule umuulize maji yanajaa saa ngapi siku hizo. Hatimaye mke wa rafiki alizungumza na mmoja wa wale mama, akaalikwa shambani, akashinda kutwa kwenye maji ya magoti akifunga mwani kwenye kamba. Hakutaka tena habari ya kuogelea.

Usiku wa mwisho tumbo likamchafuka mke huyo wa rafiki. Hatukujua ni chakula kipi, na sikutaka kumsingizia mtu. Duka la dawa lilikuwa limefungwa, nikashukuru kwamba nilikuwa na pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, kwenye begi. Kutwa nzima alikaa chumbani, sisi tukalipia usiku mwingine ambao haukuwamo kwenye bajeti, kwa bei ya Julai. Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar analazimika kukata bima ya dola 44 kutoka shirika la bima la huko, kwa hiyo kwa wageni wako wa mwaka huu iweke kwenye hesabu pamoja na viza. Sisi hatukuwa tumeuliza hata kama wao wana bima yao. Walikuwa nayo, na hakuna aliyejua namba ya kupiga.

Tuliwasindikiza uwanja wa ndege tukiwa tumesinzia kwenye gari. Waliacha bahasha ya dada wa kazi, zawadi ya binti yetu, na paketi ya zile chembechembe za chokoleti ambazo kwao watu wazima hunyunyizia kwenye mkate asubuhi. Mama mkwe, aliyekuwa amefika tayari na kuwakuta siku zao za mwisho, alionja akasema hiyo si chai ya mtu mwenye kazi.

Mgogoro wa kwenye gari ulikuwa wiki moja baadaye. Kwa nje ulikuwa kuhusu mama mkwe kuongeza siku. Ndani yake ulikuwa kuhusu mimi kugundua kwamba siku zangu za likizo zilizobaki hazitoshi safari yetu sisi wawili, ile tuliyoahidiana tangu Januari, wakati mume wangu alikuwa ameshawaambia watu wa Nairobi kwamba karibuni sana. Alisema asingeweza kuwakatalia, wao walitulaza mwezi mzima mtoto wetu alipofanyiwa upasuaji Nairobi. Na kweli, kuna wageni ambao hawapimwi kwa kopo la maziwa. Nikamwambia waje, ila sitachukua likizo hata siku moja, na safari yetu iandikwe kwenye kalenda kabla yao, ilipiwe na isiguswe. Tukarudi nyumbani bila mkate.

Wakenya walishukia stendi ya Magufuli, Mbezi, na kelele zao zilitangulia. Wageni wa Afrika Mashariki ni mapumziko kwa mwenyeji. Hawataki kuambiwa maji yachemshwe, wanaingia jikoni bila kukaribishwa, na shemeji wa Nairobi alichukua kazi ya chapati siku ya pili hakuiachia. Muhimu zaidi, bei. Wakionyesha pasi au kitambulisho cha taifa, hifadhini wanalipa kama sisi. Kwa hiyo Mikumi, ambayo pamoja na Waholanzi tuliiruka kwa sababu ya gharama, kwa Wakenya ilikuwa safari ya kawaida ya familia. Kama unategemea makundi mawili ya wageni, panga hivyo: wa mbali wapelekwe mjini na ufukweni, wa jirani wapelekwe mbugani.

Tulikwenda hadi Morogoro kwa treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ambayo ilikuwa imeanza kubeba abiria Juni hiyo hiyo. Nauli ya kawaida ilikuwa 13,000, watoto wadogo nusu, na mwendo haufiki saa mbili. Kwa basi nimewahi kula saa mbili kabla ya kumaliza Kibaha. Tiketi za mwisho wa wiki zinaisha mapema, hasa Agosti ile ambapo kila mtu alitaka kuijaribu hadi Dodoma, kwa hiyo kata mtandaoni, majina yafanane na vitambulisho, na ufike mapema kwa sababu geti linafungwa na treni haisubiri mtu aliyekwama Ubungo. Njia nzima shemeji alitukumbusha kwamba Kenya wana SGR tangu 2017. Mume wangu akamjibu kwamba ya kwao inanywa dizeli na hii ni ya umeme. Hilo liliwatosha mpaka Morogoro, watoto wakiwa wamelala.

Gari la mbugani tulikodi Morogoro, lenye paa la kufunguka, tukagawana gharama sawa kwa nyumba, siyo kwa kichwa. Ulizeni mapema kama bei ni pamoja na mafuta na kiingilio cha gari lenyewe. Ya kwetu haikuwa, na dereva alitwambia tukiwa tumeshapanda. Getini hawapokei pesa taslimu, unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo kwenye simu, na mtandao wa pale asubuhi una mambo yake, kwa hiyo weka salio la kutosha usiku uliotangulia. Tuliona tembo, twiga na nyati kabla ya saa nne, baada ya hapo ni jua na nyasi. Mtoto mdogo wa shemeji alilia kwa sababu simba hakuja, na hakuna mzazi aliyekuwa na jibu.

Wao ndio waliotufundisha jambo jingine. Walipofika tu, shemeji alimpa mume wangu pesa mkononi akamwambia hii ni ya unga na mkaa, na nisiisikie tena. Mume wangu alikataa, akalazimishwa, akapokea. Sekunde tano. Nikakumbuka wiki nzima niliyokunja uso Juni.

Walipoondoka tulifua mashuka, tukalala kutwa, na Jumatano yake mimi na mume wangu tukapanda basi la Lushoto. Zilikuwa zimebaki siku chache na pesa kidogo. Basi linakwenda hadi Mombo kisha linaanza kupanda ile barabara ya kona, na ukifika juu unatafuta sweta. Wengi wa Dar hawaamini baridi ya Lushoto ya Julai na Agosti mpaka iwapate, sisi tulinunua mitumba sokoni siku ile ile. Tulipata chumba cha nyumba ya wageni isiyo na jina kubwa, kwa bei ambayo Jambiani isingelipa hata kifungua kinywa. Asubuhi tulitembea hadi Irente, pale mlima unapokatika ghafla na kuona nyika yote chini, tukakaa juu ya jiwe tukila mkate na jibini ya huko. Mwongoza wageni wa kijijini alitupitisha msitu wa Magamba siku iliyofuata, malipo tulikubaliana kabla, na mchana tulipishana na malori ya kabichi na karoti yanayoelekea soko tunalonunulia sisi. Mume wangu hakutoa simu mfukoni. Sikumwonyesha kitu chochote upande wa kulia wala wa kushoto.

Sasa tumebadilisha mpangilio. Lushoto au popote patakapokuwa itatangulia, mwanzoni mwa Juni, kabla ya mgeni yeyote. Tutapokea kundi moja, na wakitaka kuja wawili watapishana mwezi. Karatasi ya bei tumeiandika, ina viza, bima, boti, viingilio na kopo, na mume wangu ndiye anayeituma kwa kuwa mimi naonekana mkali. Waholanzi wameshaisambaza kwa rafiki zao, jambo ambalo bado sijaamua kama ni zuri.

Nao watu wa Nairobi wametualika Desemba. Nilimwomba shemeji anitumie hesabu kabla hatujakata tiketi za basi, akacheka akasema nimeshakuwa Mholanzi. Jioni hesabu ilifika kwenye simu: kulala na kula kwao, mbuga ya Nairobi kila nyumba ijilipie, treni ya Mombasa tugawane, na mama mkwe asiachwe nyuma, chumba chake kipo.